Pesa hazijatoka kwa nani? Njia ya malipo ya ulemavu kutoka Pate hadi Hazina

Khalati yangu, dada wa mama, anaishi Kizingitini, kisiwani Pate. Kuna mwaka alikuja Amu, mji wa Lamu, mara tatu kwa jambo moja tu: malipo ya ulemavu ya mwanawe. Boti huondoka kabla jua halijachomoza ili iyawahi maji ya Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara ambao maji yakipwa haupitiki. Nyumbani alimwacha binamu yangu wa miaka 23, mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kula, kuoga wala kugeuka ubavu bila mkono wa mtu. Kwa hiyo kila safari yake ilikuwa na jirani aliyeombwa kukaa kutwa na mgonjwa, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima bila kusuka ukili. Akifika ofisini alipata jibu lile lile: "Pesa hazijatoka, mama." Mara ya tatu, akiwa gatini anangoja boti ya kurudi, alikutana na mama wa Faza ambaye naye ana mtoto wa hali kama ile. Mama yule alimwambia yeye alishapokea wiki mbili zilizopita.

Siku ile ndipo tulipouliza swali ambalo tungeliuliza tangu safari ya kwanza: hazijatoka kwa nani? Kwa Kenya nzima, kwa Lamu, au kwa mtu huyu mmoja? Sentensi ile ya "pesa hazijatoka" hubeba mambo kadhaa yasiyofanana, na kila jambo lina dawa yake. Asiyejua ni lipi linalomkabili atakwenda na kurudi na boti mpaka achoke, na nimewaona wengi waliochoka wakaacha. Haya ninayoyaandika tuliyajua kwa kuyafuata, na nayaandika ili mtu mwingine asilipie nauli ya safari ambazo khalati hakuhitaji kuzifunga.

Tuanze na kutenganisha vitu, maana mkanganyiko mkubwa huanzia hapa. Watu husema "pesa za ulemavu" kana kwamba ni fungu moja. Sivyo. Kuna usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambao humpa mtu kadi. Kuna malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa pesa kaya maskini, kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ambayo hutoka Idara ya Ulinzi wa Jamii katika Wizara ya Leba. Kuna Hazina ya Taifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyo chini ya lile Baraza, inayotoa viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, karo na vifaa vya kazi. Kuna nafuu ya kodi kutoka KRA, mamlaka ya kutoza kodi. Na kuna fidia ya aliyeumia kazini, ambayo haihusiani na haya mengine hata kidogo. Kila mlango una daftari lake, na jina lako kuwa katika daftari moja hakulihamishi kwenda jingine.

Kwa hiyo kadi si malipo. Nalisema wazi kwa sababu nimekutana na baba mmoja wa Matondoni aliyekuwa na kadi kwa miaka akisubiri simu yake ilie. Kadi inathibitisha kwamba serikali inautambua ulemavu wako, na ni ufunguo wa milango kadhaa. Lakini shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii zina usajili wake, na usajili huo haufunguliwi kila siku.

Kadi hiyo huanzia hospitali. Unakwenda hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya uchunguzi wa ulemavu, na jopo la wataalamu wa afya linakuangalia na kuandika ripoti. Ripoti husema ulemavu ni wa aina gani, ni mkubwa kiasi gani, na kama ni wa kudumu au wa muda. Ripoti ikishaidhinishwa upande wa afya, unasajiliwa na Baraza, na siku hizi maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Baraza lina ofisi katika kila kaunti, kwa hiyo asiye na simu ya intaneti akaombe msaada pale au Huduma Centre. Kwa watu wa visiwani nina ombi moja: msisafiri kabla ya kuuliza siku ya jopo. Wataalamu hawakai pamoja kila siku. Ukimbeba mgonjwa mgongoni kutoka Siyu hadi Amu siku ambayo jopo halikai, utarudi naye vile vile. Tuma mtu, au piga simu, ujue siku, ujue karatasi zinazotakiwa, na uulize kama kuna malipo yoyote na risiti yake.

Kuna jambo jingine la hospitali ambalo silioni likisemwa, nalo ni kubwa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kujibu kila salamu kwa shukrani. Daktari alimuuliza khalati, "Mwanao yuko hali gani?" Naye akajibu kama anavyomjibu kila mtu: "Hajambo, twashukuru Mungu." Daktari akauliza kama anakula vizuri. "Alhamdulillahi, yuwala." Ni kweli, anakula, lakini hulishwa kijiko kwa kijiko kwa saa nzima, akikohoa, na chakula kikiwa kimepondwa. Analala, lakini khalati huamka mara tatu kila usiku kumgeuza asipate vidonda. Hakuna lililoandikwa katika hayo kwa sababu hakuna aliyelisema. Kushukuru ni ibada, na aendelee kushukuru, lakini swali la daktari katika chumba kile si salamu. Linauliza ni nini hakiwezekani bila msaada, mara ngapi kwa siku, na nani anayefanya kazi hiyo. Mlezi aeleze siku ngumu ilivyo tangu alfajiri hadi usiku. Kama haya yanamtoka kwa shida, yaandikwe nyumbani kwenye karatasi na mtoto wa shule, yakasomwe pale. Na karatasi zote za zamani, za kliniki, za mazoezi ya viungo, hata daftari la dawa lililochakaa, ziende pia.

Ripoti ikisema ulemavu ni wa muda, muulize daktari lini unatakiwa kurudi, uandike tarehe. Ripoti ya muda ikipita wakati wake bila kukaguliwa upya, yanayoitegemea hutikisika. Ndivyo ilivyo pia kwa nafuu ya kodi: mwenye ulemavu mwenye mshahara husamehewa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, lakini cheti chake kina tarehe ya mwisho, na kuomba kipya ni juu yake mwenyewe. Anza miezi kadhaa kabla, usingoje mwajiri aanze kukata.

Sasa Inua Jamii yenyewe. Malipo kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kwa muda mrefu yalifikia kaya karibu 47,000 nchi nzima. Weka nambari hiyo kando ya sensa ya mwaka 2019, iliyohesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wanaoishi na ulemavu. Hapo utaona kwa nini mtu anaweza kustahiki na bado akakosa. Nafasi huwekwa na bajeti, na zikijaa, anayestahiki husubiri usajili mwingine. Afisa akikwambia "nafasi hakuna", huenda anasema kweli. Lakini "nafasi hakuna" na "hustahiki" ni majibu mawili tofauti, na una haki ya kujua umepewa lipi.

Neno "mkubwa" lina maana yake hapa. Anayelengwa ni mtu anayehitaji mlezi wakati wote, katika kaya maskini, asiye na pensheni wala mshahara, na asiyepokea tayari kutoka fungu jingine la Inua Jamii. Mvuvi aliyekatwa mguu mmoja, anayetembea kwa gongo na kuuza samaki sokoni, ana ulemavu, na kadi atapata. Kwa fungu hili atakataliwa. Wengi huliona hili kama tusi, nami ninaielewa hasira yao, kwa sababu mtu huyo naye ana dhiki. Lakini badala ya kupigana na mlango usiokuwa wake, afuate ule wa Hazina ya Maendeleo: mguu wa bandia, au vifaa vya kazi kupitia kikundi. Mwenye ualbino naye aulize Baraza kuhusu mafuta ya kujikinga na jua, ambayo hutolewa bila malipo. Na mtu hapokei mara mbili: bibi mwenye ulemavu aliyefika miaka 70 akaingia katika malipo ya wazee hatalipwa tena kwa jina la ulemavu.

Usajili hupita kwa chifu na naibu wake, kisha kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kwa watu wa Pate, Kiunga na Ndau hiyo ni Lamu Mashariki, na ofisi zake ziko Faza. Wa Amu, Mpeketoni, Witu na Hindi ni Lamu Magharibi. Mara nyingi huitishwa baraza la chifu, majina yanasomwa mbele ya watu, na kaya zinatembelewa. Hapa huumia wale waliofichwa. Nasema kwa uchungu: ziko nyumba katika mitaa yetu ambamo mtoto mwenye ulemavu hajulikani na jirani wa nyumba ya tatu, kwa haya au kwa hofu ya maneno. Jina lisilotamkwa barazani haliandikwi.

Na bila kitambulisho hakuna linalokwenda. Mtoto atahitaji cheti cha kuzaliwa, na mlezi kitambulisho. Wabajuni wa upande wa mpakani wanajua miaka waliyokaa mabenchini wakihakikiwa kama ni Wakenya kabla ya kupewa kadi ya utambulisho. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Aliyerudishwa nyumbani zamani aende tena.

Turudi kwenye kuchelewa, maana hapo ndipo moyo wa jambo hili ulipo.

Pesa za Inua Jamii hutoka katika bajeti ya taifa, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Haziwezi kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti; Katiba ndiyo inayosema hivyo, katika vifungu vya 206 na 228. Hazina ya Taifa, ile ya Wizara ya Fedha wala si ile ya Maendeleo, inaachilia fedha pale inapokuwa nazo, idara inaandaa orodha ya kulipwa, pesa zinapelekwa kwa benki au kampuni ya simu, ndipo zinafika kwa mlezi. Fedha zikikwama juu, wote hukosa kwa pamoja: wa Kizingitini, wa Malindi, wa Turkana. Baadaye huja za miezi miwili au zaidi kwa mkupuo mmoja. Kuchelewa huku kunaumiza, kwa sababu muuza duka hakopeshi kwa ahadi ya Hazina, na nepi za mtu mzima haziwezi kungoja robo ya mwaka. Lakini hakuna karatasi yako yenye kasoro, na hakuna afisa wa kaunti ndogo anayeweza kukutengenezea. Kusafiri kwa ajili ya kuchelewa kwa namna hii ni kupoteza nauli. Mahali pa kulisema ni kwa mbunge, barazani na redioni, tena mkiwa wengi.

Namna ya pili ni wenzako kulipwa na wewe kukosa. Hapo pesa zimetoka. Zimekwama baina ya orodha na mkono wako, na sasa safari ina maana. Kabla ya kupanda boti, ulizia watu watatu wanaopokea fungu lile lile lako. Fungu lile lile, kwa sababu malipo ya wazee yanaweza kutoka wiki hii na ya ulemavu yakafuata. Mama yule wa Faza alitufanyia kazi hii bila kujua, pale gatini.

Kwa khalati kasoro ilikuwa laini. Malipo haya zamani yalipita benki, na miaka ya karibuni yamekuwa yakihamishiwa simu. Khalati aliandikisha nambari aliyoitumia miaka yote. Kumbe laini ile ilinunuliwa na marehemu mumewe na kusajiliwa kwa kitambulisho chake. Jina la orodha na jina la laini hayakukutana, pesa zikakataa kuingia. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyemwambia. Ni kasoro iliyohitaji kitambulisho chake na laini mpya kwa jina lake mwenyewe, kisha nambari ile mpya ipelekwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii iingizwe katika orodha. Huku kwetu laini za nyumba nzima aghalabu huwa zimesajiliwa kwa baba mmoja au kaka mkubwa. Kila mlezi anayesoma haya aangalie laini yake leo.

Majina pia. Athman, Athumani na Uthman ni mtu mmoja msikitini na watu watatu katika kompyuta. Mwanaisha aliyeandikwa neno moja kwenye kitambulisho na mawili kwenye akaunti hukwama. Mohamed ana tahajia nyingi zaidi. Chukua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi ya Baraza na jina la laini, uvipange mezani, uvisome herufi kwa herufi. Panapotofautiana, anza kurekebisha zile karatasi zinazotakiwa kulingana na kitambulisho, maana kitambulisho chenyewe huchukua muda mrefu zaidi kubadilishwa.

Alama za vidole ni shida nyingine ya watu wetu. Mikono iliyosuka makuti na ukili kwa miaka 40, au iliyovuta nyavu za jarife, imelainika hadi mashine haisomi. Akishindwa kwa wakala, mwombe ajaribu vidole vyote kumi baada ya kuosha na kukausha mikono. Ikishindikana, nenda kwa afisa ukaombe iandikwe kwamba alama hazisomeki, na uulize namna nyingine ya kuthibitisha. Usiondoke na jibu la mdomo. Kuthibitisha kwamba mnufaika yu hai na mlezi ni yule yule hufanyika mara kwa mara, na asiyejitokeza huweza kusimamishwa. Tangazo la uhakiki likipita barazani siku ambayo bahari ya kusi imechafuka na wewe uko Kiwayu, muombe mtu wa karibu na chifu akupashe habari.

Na ujue kuwa orodha ya kila malipo hufungwa kabla ya pesa kutoka. Marekebisho yaliyoingia baada ya kufungwa husubiri malipo yanayofuata. Kwa hiyo ukirekebisha jina leo na usione kitu mwezi huu, huenda hakuna ubaya. Usipoona malipo yanayofuata pia, rudi.

Mabadiliko ya nyumbani ndiyo yanayokata malipo kwa wingi zaidi, kwa sababu watu hawayaripoti. Mlezi akifa, pesa bado zinaelekea kwenye simu ya marehemu. Kamwe msitumie nambari yake ya siri kuzitoa, hata kama ni za mtoto yule yule na nia ni njema. Mnajitafutia kesi na mnaichafua rekodi ya mgonjwa. Pelekeni cheti cha kifo, barua ya chifu na kitambulisho cha mlezi mpya, mlezi abadilishwe. Nashauri kila familia ijue mapema nani atashika nafasi ya mama. Ni mazungumzo mazito, nasi tuliyaahirisha sana.

Mtoto akifika miaka 18 napo pana shimo. Kaya nyingi zenye mtoto mwenye ulemavu ziliingia Inua Jamii kupitia fungu la mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Fungu hilo ni la watoto walio chini ya miaka 18. Mdogo wa mwisho akiuvuka umri huo, kaya hutoka, ingawa aliyevuka hajui kushika kijiko. Malipo hayahami yenyewe kwenda fungu la ulemavu. Mwaka kabla ya siku hiyo, mpelekeni akachunguzwe, apate kadi ya Baraza, na akifika umri apate kitambulisho. Kisha mlezi amwombe afisa amuandike katika orodha ya wanaosubiri fungu la ulemavu. Na msitarajie kulipwa kwa miaka ya nyuma kabla ya kusajiliwa. Malimbikizo ni ya miezi ambayo jina lilikuwa katika orodha na pesa hazikufika.

Nilitaja fidia ya kazini, na nitaipitia upesi kwa kuwa ni somo lake. Kijana wa mtaani kwetu alianguka kutoka kwenye boriti akijenga nyumba ya wageni, mgongo ukavunjika. Familia ilikimbilia kuomba Inua Jamii, wala hakuna aliyewaambia kuwa sheria ya fidia ya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12. Likishawasilishwa, mwajiri au kampuni ya bima inapaswa kulilipa ndani ya siku 90, na kwa ulemavu kamili wa kudumu fidia ni mapato ya miezi 96. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga. Linganisha na shilingi 2,000 kwa mwezi uone alichokaribia kukiacha. Ajali ikitokea, piga picha, andika majina ya walioshuhudia, na tunza jumbe za malipo ya simu zinazoonyesha kwamba alikuwa akilipwa kazi ile.

Sasa tuseme umerekebisha yote na bado kimya. Simu ya bure ya Inua Jamii ni 1533. Ukipiga, uwe na nambari ya kitambulisho na tarehe ya malipo ya mwisho, na uombe nambari ya malalamiko. Bila nambari hiyo, simu ya pili huanza upya kama ya kwanza. Kisha andika barua kwa afisa wa kaunti ndogo, nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo nyumbani. Barua iwe fupi: jina, kitambulisho, fungu, malipo ya mwisho yaliingia lini, yapi hayakuingia, na unauliza kwa nini.

Hili la "kwa nini" si adabu ya kuombaomba. Katiba, kifungu cha 43, inaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoigusa haki yako. Na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Ombi hilo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, ana haki ya kusaidiwa na ofisi yenyewe lipate kuandikwa. Nilimsomea khalati sehemu hiyo mara mbili. Alikuwa amekaa miaka akiamini kwamba kwa kuwa hakusoma, zamu yake ya kuuliza haikuwepo.

Siku 21 zikipita bila jibu, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, bila kulipa kitu. Sikuona haja ya kumtukana mtu wala kumtuhumu afisa wizi katika barua zetu. Maafisa wengi niliowakuta wana eneo kubwa la bahari, boti haba na orodha ndefu. Lakini huruma yangu kwao haibadilishi siku zilizowekwa na sheria, na wala hainizuii kusema kwamba kumjibu mama aliyevuka bahari "pesa hazijatoka" bila kufungua rekodi yake ni kumdhulumu. Na kwa yeyote anayetaka "kitu kidogo" ili jina lipande: usajili ni bure. Atakayeombwa alisemee hilo pale 1533 na kwa Tume ya kupambana na ufisadi, na aandike siku na mahali.

Laini mpya ya khalati ilisajiliwa siku moja, kwa kibanda kilicho hatua chache kutoka gatini. Kuingiza nambari katika orodha kulichukua muda zaidi, na malipo ya kwanza yakapita bila yeye. Ya pili yaliingia akiwa jikoni; alinipigia simu nisome ujumbe, akanitaka niurudie. Ya miezi miwili ya nyuma hayakuja pamoja nayo. Barua ya kuyadai ina muhuri wa ofisi, imo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya binamu yangu na daftari ambamo mdogo wake anaandika kila malipo: tarehe, kiasi, nani kapokea. Siku 21 zinaisha Alhamisi ijayo. Tumeshaulizia maji yatajaa saa ngapi.